Picha ya kipande cha gazeti la zamani: nikiskani inatoka na vidoti na mawimbi

Mama Steshenari – Mwanjelwa, Mbeya

Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari ndogo hapa Mwanjelwa. Kazi zangu ni kopi, pasipoti saizi, kuchapa barua, kadi za mialiko na ratiba za mazishi. Sasa kuna mteja kutoka Uyole, ukoo wao unakutana mwezi wa kumi na mbili, wamenipa kazi ya picha ya babu yao aliyefanya kazi kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA.

Tatizo ni kwamba picha yenyewe haikusafishwa studio, ni kipande cha gazeti. Wanaume saba wamesimama mbele ya mdomo wa handaki, mmoja ana sururu begani, babu ni wa tatu kutoka kushoto na ndiye pekee asiyetazama kamera. Maelezo ya chini yamekatwa na mkasi, yamebaki "...afanyakazi wa reli upande wa Mlimba". Karatasi imeshakuwa ya njano na ina mkunjo unaopita kwenye goti la mtu wa nne. Ashukuriwe Mungu haukupita usoni.

Wanataka fremu ya A3, fulana za ukoo mzima, na picha hiyo hiyo ikae mwanzoni mwa kitabu cha ukoo.

Natumia Epson L3250. Nimeskani kwa 300 DPI kama ninavyoskani vyeti. Nikiifungua kwenye kompyuta naona mawimbi yamejaa, miraba na mistari iliyopinda inapita kwenye mashati yao, wakati kwenye gazeti lenyewe hakuna kitu hicho. Nikikuza, mawimbi yanapotea, vinabaki vidoti vyeusi vitupu, uso wa babu hausomeki. Nikipunguza, mawimbi yanarudi yakiwa na umbo jingine. Nikiprinti yanakuja mengine tena! Kijana wa jirani anayetengeneza mabango ameniambia kioo cha skana kimekufa. Lakini vyeti na pasipoti vinatoka safi kabisa.

Naomba kujua: skana ni mbovu? Vidoti vinatoka bila kuharibu sura? Na hiyo A3 nimwambie nini mteja, maana kianzio nimeshapokea na wino nimeshanunua.

---

Kaka Dijitali – Miyomboni, Iringa

Dada usiumize kichwa. Siku hizi kuna programu za AI kwenye simu, unaitupia picha, sekunde chache imetoka safi, sura inang'aa, hata rangi inaweka. Nimewafanyia watu wengi hapa Iringa na wanalia kwa furaha. Mambo ya skana ni ya kizamani.

---

Mzee wa Pleti – Iringa

Kamwene wote. Binti, skana yako ni nzima. Huyo kijana mwambie aendelee na mabango.

Mimi ni mchapaji mstaafu. Sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanyia chumba cha giza, nikitengeneza filamu na pleti za kuchapia, yaani nilikuwa nalipwa kuvitia hivyo vidoti unavyotaka kuvitoa. Nichukulie kwamba unajibiwa na mshtakiwa mwenyewe.

Mashine ya chapa haina wino wa kijivu. Ina mweusi, na pasipo wino ni karatasi, basi. Ukitaka kijivu unaivunja picha iwe nukta. Penye kivuli nukta zinakuwa nene hadi zinashikana, penye mwanga zinakuwa ndogo, ila umbali kutoka kiini cha nukta moja hadi kiini cha jirani yake haubadiliki picha nzima. Kinachobadilika ni unene tu. Zamani tulipiga picha kupitia kioo chenye mistari iliyokatizana, baadaye ikaja filamu yenye nukta tayari, siku hizi kompyuta inamaliza yote. Si jambo jipya hata kidogo: gazeti la Daily Graphic la New York lilichapa picha ya namna hii tarehe 4 Machi 1880. Jicho likiwa mbali kidogo linachanganya nyeusi na nyeupe, linaona kijivu, mtu anasema "picha nzuri hii".

Nukta hizo zimepangwa kwa mistari, na mistari inahesabiwa kwa inchi. Gazeti kwa kawaida ni mistari 85 hivi, kwa sababu karatasi yake inanyonya wino na nukta ndogo zingevimba zikashikana. Jarida la karatasi ya kung'aa ni 133 au 150. Vitabu vya picha za sanaa ni 175 na kuendelea.

Sasa skana nayo ina mistari yake. Inaisoma karatasi kwa vijiraba, na wewe umeiambia visomwe 300 kwa inchi. Gridi mbili zisizolingana zikilaliana, inazaliwa ya tatu ambayo haimo kwenye yoyote kati ya hizo mbili. Chukua chandarua, kikunje viwe tabaka mbili, kishike dirishani, kisha zungusha tabaka moja kidogo. Utaona mawimbi, na chandarua chenyewe hakina mawimbi. Hicho ndicho kilicho kwenye mashati ya hao wazee. Kioo cha kompyuta ni gridi nyingine, ndiyo maana ukikuza au kupunguza mawimbi yanabadilika sura. Printa nayo ina nukta zake. Kwa hiyo usiihukumu picha ya aina hii ikiwa imepunguzwa. Itazame kwa asilimia 100, halafu ndiyo useme.

Watu wakiona vidoti hukimbilia kushusha DPI wakidhani vitapungua. Wewe panda. Kwa 300, nukta ya gazeti la mistari 85 inapata pikseli tatu na nusu. Hazitoshi kuichora nukta. Hapa inatoka imekatwa, pale imevimba, na uharibifu huo ukishaingia kwenye faili umeingia, hakuna wa kuutoa. Kwa 600 inapata pikseli saba. Kwa 1200, kumi na nne. Nukta zichukue zote, zikiwa duara na safi, kisha uzifute. Nukta iliyochukuliwa nusu haifutiki, na hapo ndipo wengi wanapokwama.

Fanya hivi. Kwenye programu ya Epson weka 1200, weka rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, na hifadhi kwa TIFF. JPEG inaikata picha vipande vya pikseli nane kwa nane, utakuwa umeongeza gridi nyingine juu ya zile ulizonazo. Palipoandikwa Unsharp Mask toa tiki, maana hiyo inanoa kingo, na kingo zilizopo hapo ni za nukta. Faili litakuwa zito. Kama kipande kina upana wa sentimita 12 na kimo cha 9, jiandae na megabaiti 70 hivi.

Kabla ya kufunika, weka karatasi nyeusi nyuma ya kipande. Gazeti ni jembamba. Mfuniko wa skana ni mweupe, unarudisha mwanga, na maandishi ya upande wa pili yanajitokeza kwenye mashavu ya watu. Karatasi nyeusi inayameza. Picha nzima itakuwa na giza kidogo, hilo utalirekebisha baadaye kwa sekunde.

Ukishaifungua kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, tenganisha rangi tatu na ubaki na nyekundu peke yake. Unjano wa karatasi kuukuu hauonekani sana kwenye nyekundu. Kwenye bluu utaona kila doa la chai lililowahi kudondokea gazeti hilo. Kisha Gaussian Blur, yaani kuilainisha picha. Kanuni yangu: nusu ya umbali wa nukta na nukta. Kwa 1200 na mistari 85 umbali ni pikseli 14, basi anza na 5, panda taratibu hadi 7, ukiona mashati yamelainika bila chembe simama hapo. Picha itaonekana ina ukungu na utataka kuacha. Usiache. Ipunguze iwe 200 DPI, na ukungu mwingi utaondoka wenyewe, kwa sababu gazeti la mistari 85 halina habari zaidi ya hizo. Sasa ndiyo rekebisha weusi na weupe, na kunoa kidogo kabisa kuwe hatua ya mwisho. Ukinoa mapema unazifufua nukta.

Kuna mahali pameandikwa Descreening kwenye hiyo hiyo programu ya Epson. Inafanya kazi inayofanana na hii ndani kwa ndani. Kwa picha ya kutuma WhatsApp inatosha. Kwa fremu fanya kwa mkono.

Na ninakuomba sana, kwa kuwa nawajua watu wa steshenari: USIKILAMINISHE hicho kipande. Mteja ataomba. Atasema "nilaminishie hapo hapo kisiharibike". Ile mashine inayeyusha plastiki inaingia kwenye nyuzi za karatasi, haitoki milele, na plastiki inang'aa kwenye skana. Mkunjo ulaze chini ya kitabu kizito siku kadhaa. Pasi usiguse.

---

Mama Steshenari

Shikamoo mzee wangu. Asante sana, sikutegemea kujibiwa hivi. Huyu mteja kweli alishaomba laminesheni! Nimemwambia mashine imeharibika.

Nimeskani 1200 na karatasi nyeusi nyuma. Tofauti ni kubwa mno. Nikikuza naona nukta moja moja, zimejipanga kishazari. Maandishi ya nyuma yamekwisha, kumbe kile nilichodhani ni ndevu za mtu wa kwanza ni tangazo la baiskeli upande wa pili.

Ila blur ya 7 bado inaacha chembe kwenye sehemu za anga na kwenye shati jeupe. Nikipandisha zaidi naogopa sura ya babu itayeyuka. Niendelee?

---

Kijana wa Iyunga – Mbeya

Shikamoo mzee, dada habari. Niko MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya, tumesoma usindikaji wa picha, naomba nichangie. Kabla ya kuongeza blur, pima kwanza nukta zina mistari mingapi kwa inchi. Inawezekana si 85.

Pakua ImageJ, programu ya bure ya kuchambua picha, ilitoka taasisi ya afya ya serikali ya Marekani, inatumika sana maabara. Faili lako la 1200 lipunguze liwe 600 kwanza, maana kompyuta ya RAM ndogo itagoma. Lifanye liwe la kijivu, yaani 8-bit, kisha nenda Process, halafu FFT, halafu FFT tena. Picha itageuka kuwa mraba mweusi wenye mng'ao katikati na vinyota pembeni.

Msiogope huo mraba. Ni hesabu ya Joseph Fourier, Mfaransa aliyekuwa akichunguza namna joto linavyosambaa, mwaka 1822. Kila kitu kinachojirudia kwenye picha kinakusanywa kikae mahali pamoja. Sura, mashati na handaki havijirudii kwa mpangilio, kwa hiyo vinasambaa na sehemu yake kubwa inakaa katikati. Nukta za chapa zinajirudia kwa umbali ule ule maelfu ya mara, kwa hiyo zinakuwa vinyota vikali. Kwa kuwa umesema zimelala kishazari, utaona vinyota vinne vikubwa kwenye pembe, na vingine hafifu mbali zaidi.

Pima kwa pikseli kutoka katikati hadi kwenye kinyota cha kwanza. Picha yako ikiwa 600 DPI na upana wa sentimita 12, ImageJ itafanya mraba wa 4096. Kama gazeti ni mistari 85, kinyota kitakuwa pikseli 580 hivi kutoka katikati. Kikiwa karibu zaidi, mistari ni michache. Gawanya umbali uliopata kwa 4096, zidisha kwa 600, jibu ndilo mistari kwa inchi.

Ukishapima, vifute. Chukua brashi nyeusi, paka juu ya kila kinyota, pamoja na vile hafifu vya mbali. Katikati USIGUSE, hapo ndipo ilipo picha yenyewe. Paka nyeusi tu, usichanganye na nyeupe, kwa ImageJ nyeupe ina maana iliyo kinyume. Kisha Process, FFT, Inverse FFT. Nukta zinaondoka, na kingo za nyuso zinabaki kali kuliko ukitumia blur peke yake.

Kwa jarida la rangi inabidi utenganishe rangi uzifanye moja moja. Nafikiri mzee anajua zaidi kwa nini.

---

Mzee wa Pleti

Marahaba kijana. Hii ya vinyota ni nzuri. Sisi tulikuwa na kipande cha filamu chenye mistari ya kupimia, unakilaza juu ya chapa na kukizungusha.

Kwa nini rangi zinatenganishwa: kila wino una pembe yake. Mweusi nyuzi 45, kwa sababu hapo jicho linaziona nukta kwa shida kuliko pembe nyingine yoyote. Bluu ya chapa kwa kawaida 15, waridi 75, njano 0, ile isiyoonekana sana. Zikiwekwa pembe sawasawa, nukta za rangi nne zinafanya viduara vidogo vilivyotulia. Pembe moja ikikosewa kidogo, uso wa waziri unatoka na mawimbi kabla hata skana haijaguswa, na mkuu wa zamu anakuja chumba cha giza kutafuta mtu. Kwa hiyo jarida la rangi lina vinyota vya seti nne. Kazi ya binti ni ya mweusi peke yake, ana bahati.

---

Mama Steshenari

Nimepima jamani. Kinyota kipo pikseli 440 kutoka katikati. Nimegawanya na kuzidisha, inakuja 64 na ushei.

---

Mzee wa Pleti

Basi ni mistari 65. Huenda gazeti hilo halikuchapwa kwa ofseti, yaani pleti bapa, lilichapwa kwa herufi za risasi na picha za bloku za zinki. Bloku hizo zilikuwa na nukta kubwa kwa makusudi, maana zilibanwa kwenye karatasi mbaya kwa nguvu. Pitisha kidole kwa upole nyuma ya herufi za kichwa cha habari kama zimebaki, pengine utahisi zimetokeza kidogo.

Kwa mistari 65 umbali wa nukta kwenye 1200 ni pikseli 18 na nusu, ndiyo maana 7 haikutosha. Ungehitaji 9. Lakini kwa kuwa umeshafika kwenye vinyota, fuata ya kijana, kisha malizia na blur ndogo ya 2 au 3.

Sasa turudi kwenye A3, nilikuwa nasubiri kipimo hiki. Chukua rula, upime uso wa babu kwenye gazeti, kutoka sikio hadi sikio.

---

Mama Steshenari

Milimita 8.

---

Mzee wa Pleti

Mistari 65 kwa inchi ni nukta mbili na nusu hivi kwa kila milimita. Mara nane. Uso mzima wa babu una nukta 20 kwa upana. Jicho lake moja limeangukia nukta tatu, labda nne.

Hicho ndicho kilichopo, binti. Hakuna skana wala programu itakayokupa ya ishirini na moja. Ukikuza kipande cha sentimita 12 kiwe na upana wa A3, ambao ni sentimita 42, unakuza mara tatu na nusu: uso utakuwa milimita 28. Kundi zima litaonekana vizuri, handaki, sururu, mkao wa kila mtu. Sura ya babu itajulikana na wanaomjua, mtu akisimama hatua mbili tatu kutoka ukutani. Ukikata uso peke yake ukaujaza kwenye A3, hakuna sura hapo, ni mawingu.

Mwambie mteja hivyo kabla hujaprinti. Mwoneshe ya majaribio kwenye A4 ya kawaida, ukutani, si mkononi.

Na wewe kijana wa Miyomboni, nisikilize bila kukasirika. Hiyo akili mnemba yako ikipewa nukta 20 inatoa jicho kamili lenye kope. Imelitoa wapi? Si kwenye gazeti. Imeona nyuso za mamilioni ya watu, imebandika jicho la wastani wao. Mzee huyu ana watoto na wajukuu, pengine na dada yake bado yu hai, halafu wanakaa mbele ya fremu ya mtu asiyekuwepo.

---

Kaka Dijitali

Mzee heshima yako, lakini mteja ndiye anayelipa. Mimi nikiwapa picha yenye ukungu wanasema sijui kazi. Nikiwapa ya AI wanafurahi. Nani ana shida hapo?

---

Mzee wa Pleti

Wape zote mbili, na ya pili iandike chini kwamba ni ya kuchorwa na kompyuta. Tuliwahi kupaka wino kwa brashi kwenye picha za watu, kuongeza nyusi, kuziba pengo la jino, sikatai. Lakini ilikuwa picha ya matangazo. Ya kitabu cha ukoo inasomwa na mtu wa miaka 40 ijayo ambaye hamjui yeyote kati yenu, ataamini hiyo ndiyo sura.

---

Fundi Fulana – Kabwe, Mbeya

Naingia kwenye fulana. Dada kama kazi utaileta kwangu au kwa mwingine anayechapa kwa skrini, leta picha iliyokwisha safishwa kabisa, nukta zisionekane. Sisi wino wetu nao hauna kijivu, tunaivunja picha upya kwa nukta zetu, kwenye pamba natumia mistari 45. Ukiniletea yenye 65 za gazeti, nukta zinagombana, fulana inatoka na yale yale mawimbi, na hapo siwezi kufuta tena, limeshachomwa kwenye skrini. Wateja wakija na picha za hivyo huwa nawarudisha.

Au fanya kinyume: acha nukta za gazeti kwa makusudi, zikuze ziwe kubwa, mstari na nukta tu, nyeusi kabisa na nyeupe kabisa, bila kijivu. Hiyo siivunji tena, naichoma kama ilivyo. Kifuani inapendeza, mtu anajua ni picha ya gazeti la zamani. Kwa maoni yangu kwa babu wa TAZARA hiyo ndiyo fulana.

Kama ni ya kubana kwa joto kutoka printa ya rangi, haya hayakuhusu, ila bado isafishe.

---

Mpita Njia – Makambako

Kuna njia ambayo hamjaitaja. Picha halisi iliyopigwa na kamera, kabla ya kuingia gazetini, haikuwa na nukta hata moja, nukta zilikuja kwenye chapa. TAZARA ilijengwa kuanzia 1970 hadi 1975, na wapigapicha wa serikali walikuwepo. Mteja aulize Idara ya Habari, Maelezo, wana hazina ya picha za zamani. Na kipande kikimpa jina la gazeti, aulize gazeti lenyewe kama bado lipo. Akiipata picha halisi, uso wa milimita 8 utakuwa na habari mara nyingi zaidi. Mimi nimezaliwa karibu na reli hii, upande wa kushukia Mlimba kuna mahandaki mengi, kwa hiyo wasitegemee kutambua lipi ni lipi kwa kuangalia mdomo tu.

---

Mama Steshenari

Ndugu zangu, ndaga fijo, asanteni sana.

Nimefuta vinyota kwa ImageJ, nikaweka blur ya 2, nikapunguza hadi 200. Anga limekuwa laini, shati jeupe limekuwa shati. Nilipomwita mteja akatazama kimya halafu akasema babu ana sikio lililokunjika juu, na kwenye gazeti sikio hilo lilikuwa halionekani kabisa mpaka sasa. Mzee, sikio limetoka kwenye nukta zako 20, sijaweka kitu.

Tumekubaliana A3 iwe kundi zima, na chini tuandike majina ya wanaojulikana. Fulana napeleka Kabwe ile ya nukta kubwa. Mwanawe mmoja yuko Dodoma, amesema atafuata habari za Maelezo.

Kaka Dijitali, waliomba na ya rangi pia. Nimewaambia nitawatafutia mtu Iringa, ila iandikwe chini.

---

Kaka Dijitali

Hahaha sawa dada, nitaandika. Nitumie hiyo iliyosafishwa, si ile yenye vidoti. Hata AI ikipewa vidoti inamchora babu ana ndui.

---

Binti wa Njombe

Samahani naingilia. Mimi yangu ni picha ya kweli ya studio, ya harusi ya wazazi, miaka ya 80, si gazeti. Lakini nikiskani inatoka na vijishimo vya mpangilio picha nzima, vyeupe vyeupe. Nimejaribu blur ya mzee, sura zinaharibika na vijishimo vinabaki. Hizi nazo ni nukta za chapa?

---

Mzee wa Pleti

Hapana, mwanangu. Hiyo ni karatasi ya studio yenye uso wa hariri, ilipendwa sana wakati ule kwa sababu haishiki alama za vidole. Iinamishe kwenye mwanga wa dirisha utaona vinundu. Taa ya skana inamulika kutoka upande mmoja, kila kinundu kinang'aa upande huo na kutupa kivuli upande wa pili.

Iskani mara mbili kwa 600: mara ya kwanza kawaida, mara ya pili izungushe kichwa kiwe chini kwenye kioo. Kwenye GIMP ya pili izungushe nyuzi 180, iweke juu ya ya kwanza, ilinganishe ukitumia macho ya bibi na bwana harusi kama alama hadi zilaliane kabisa, kisha weka uwazi wa ya juu asilimia 50. Mng'ao wa moja unaangukia kivuli cha nyingine, sehemu kubwa inafutana. Mabaki yapeleke kwenye vinyota vya kijana wa Iyunga. Kwa karatasi ya hariri vinyota vyake huwa sita au zaidi, vimezunguka katikati, na viko wazi sana, utaviona bila kuambiwa.